Saa Nane Simu Hulia Mara Moja

9 Juni

Madhav-bhau ametugawia madaftari, kila mtu na lake. "Yale mtakayoshindwa kuyasema hapa kwenye chai, yaandikeni," alisema. "Msiende kulala nayo nyumbani." Nikamwambia nyumbani kwangu nalala na mjusi mmoja tu wa ukutani, na masikio yake ni mazuri kuliko ya jirani zangu. Akacheka. Huyu bwana ndiye mkuu wetu, lakini nimemzidi miaka ishirini, kwa hiyo hucheka hata pasipochekesha.

Haya, naandika. Mimi ni Vatsala Bhoyar, mjane, umri sitini na mitatu, mstaafu wa idara ya simu. Miaka thelathini na mmoja nilikaa mbele ya ubao wa waya hapa Yavatmal nikiunganisha sauti za watu: huyu na Nagpur, yule na Pusad, mwingine na Bombay. Siku hizi nakaa juu ya duka la mbegu, chumba kimoja, simu mbili za mezani, viti vinne na feni inayolalamika, na ninaowapokea ni watu waliochoka kuishi. Tunafungua saa tano asubuhi, tunafunga saa kumi na moja jioni. Mwenye duka hapo chini ni mtu mwema. Kila mfuko wa mbegu za pamba anaouza anaugonga mhuri wa namba yetu, anasema mbegu na namba vifike nyumba moja.

Mvua bado.

11 Juni

Masharti yetu, niyaandike, maana mwenzangu Nasreen Baji anadai nayasahau. Hatuulizi jina. Hatutoi mawaidha. Hatumwambii mtu "wafikirie watoto wako", maana amekwisha kuwafikiria mpaka kichwa kinamuuma. Tukihisi mtu anataka kujiua tunamuuliza waziwazi, kwa neno lenyewe. Kumuuliza hakumtii wazo ambalo hakuwa nalo. Hatukati simu, anayekata ni yeye. Na sisi hatupigi, kamwe. Kile kidirisha kinachoonyesha namba ya mpigaji tumekibandika plasta ya vidonda, ili macho yasipate kishawishi.

Nasreen Baji alifundisha hesabu tangu ujana wake na mpaka leo hawezi kuacha kumsahihisha mtu. Ananiita Operata.

14 Juni

Mvua bado. Simu nne. Mmoja alitaka bei ya mbegu.

19 Juni

Imenyesha tangu alfajiri. Wilaya nzima iko shambani, simu haikulia hata moja. "Mwenye mbegu mkononi hana nafasi ya kufa," alisema Nasreen Baji.

"Ngoja dawa ziingie majumbani," nikamjibu. Pamba ikifika magotini watu huanza kunyunyizia, na makopo ya dawa hukaa ndani ya nyumba, chini ya vitanda, pamoja na vyombo. Hapo ndipo msimu wetu sisi huanza.

24 Juni

Saa nane mchana. Sauti ya mwanamke, changa, ya chinichini. Nilisema ile salamu yetu niisemayo kila ninapopokea simu: "Namaskar, hii ni Simu ya Faraja, Yavatmal, nakusikiliza." Nikasikia mvua juu ya bati na mtu akikoroma kwa mbali.

"Tai," akasema mwishowe. Tai ni dada mkubwa, kama bhau alivyo kaka, ndivyo tunavyoitana huku. "Tai, mtu akizungumza na nyinyi lazima awe na jambo kubwa?"

"Hata dogo linatosha."

"Mama mkwe wangu amelala. Akilala baada ya chakula ndipo napata simu, ni yake." Akashusha sauti. "Nilizaa mtoto. Mvua za mwaka jana. Wa kike."

"Niambie habari zake."

Nadhani hakuna aliyewahi kumwambia hivyo. Alizungumza dakika kumi na saba. Mtoto aliishi siku tisa. Kwetu jina hutolewa siku ya kumi na mbili, wanawake wakiimba kuzunguka susu, kitanda cha bembea cha mtoto, kwa hiyo huyu alikwenda bila jina. Na kwa kuwa hakupewa jina, nyumba ile imeamua hakuwahi kuwapo. Susu ilirudishwa kwa mwenyewe. Mume anafanya kazi kwenye kiwanda cha kuchambua pamba Hinganghat, huja Jumamosi, hasemi kitu. Mama mkwe akimwona analia humwambia: "Unalilia nini? Nyumba hii haijafiwa."

"Alikuwa na nywele, Tai. Nyingi. Mpaka shingoni."

"Nyeusi?"

"Nyeusi ti." Akacheka, kisha mkoromo ule ukakatika, naye akakata.

Sijui jina lake. Humu nitamwita Saa Nane.

27 Juni

Saa Nane kapiga. Mtoto alikuwa akishika kidole chake kidogo, hakutaka kidole kingine.

2 Julai

Leo nilimuuliza. Alikuwa amesema, "Siku nyingine naona afadhali nimfuate." Nikauliza kwa neno lenyewe: "Unafikiria kujiua?"

"Ndiyo," akasema, bila kusita. "Hakuna aliyewahi kuniuliza, Tai."

Mtu akikuambia ndiyo usimrukie na maneno. Nilimwacha aseme. Halafu nikamuuliza kuna nini ndani ya nyumba ambacho anakitazama. Akasema makopo ya dawa yameshaletwa. Tukazungumza nani anaweza kuyaweka mbali naye. Kuna jirani, mama mmoja mwenye sanduku la bati lenye kufuli, ambaye pia hupenda kumpa binti huyu maembe ya achari. "Nitamwambia panya wanatoboa," akasema. Na akafanya hivyo, simu ikiwa wazi, nikimsikia anavyovuka ua na ndala zake.

Kwenye chai nilisimulia, ndiyo kawaida yetu, hakuna anayeshuka ngazi kabla hajatua mzigo wake. Nasreen Baji akanisukumia biskuti yake. Yeye hagawi biskuti.

6 Julai

Habari mbaya. Mama mkwe ameona salio la simu linaisha na amemuuliza linakwenda wapi. Saa Nane kasema haraka haraka, "Tai, sitaweza kupiga tena kila mara. Naweza kubipu tu."

Nchi nzima inaishi kwa kubipu. Maziwa yamefika, bipu. Nimeshuka basi, bipu. Wapenzi ndio usiseme. Nikafikiri kidogo, nikamwambia: "Basi bipu. Saa nane, mlio mmoja: nipo hai. Milio miwili: leo ni mbaya, nitajaribu kupiga. Mimi nitakuwa kwenye kiti hiki kila siku."

Hatupigi, hilo ndilo sharti. Kupigiwa mlio mmoja si kupiga. Sikumwambia Madhav-bhau. Kwenye chai nikazungumzia mwanafunzi aliyefeli mtihani.

7 Julai

Saa nane na dakika mbili. Imelia mara moja.

8 Julai

Imelia mara moja.

9 Julai

Imelia mara moja. Nasreen Baji: "Nani huyu mchezaji?" Nikasema watoto.

13 Julai

Simu kumi na moja leo. Mvua imezidi, pamba ya mabondeni inaoza. Mzee mmoja alilia bila kusema neno kwa nusu saa, mimi nikikohoa mara mojamoja ili ajue nipo. Saa nane, mlio mmoja.

19 Julai

Miwili. Baada ya robo saa akapiga. Mama mkwe amemwambia mbele ya wanawake kisimani kwamba nyumba haiwezi kungoja mjukuu milele. Nikamkasirikia yule bibi kwa moyo wangu wote. Lakini binti mwenyewe akasema, "Si mbaya, Tai. Kichwa kikiniuma ananipaka mafuta. Mikono yake ni mizuri. Ndiyo maana naumia."

Anangoja Panchami. Sikukuu hiyo ya nyoka, mke kijana hurudi kwao kucheza bembea na kaka yake ndiye huja kumchukua. Mwaka jana alikuwa na mimba, hakwenda. "Kaka akija, nitamwambia yote, nisirudi huku mpaka nipone." Nikamuuliza kama kaka anajua anangojwa. "Kaka anajua Panchami ni lini," akasema.

29 Julai

Mlio mmoja. Nimejikuta nimeshaweka saa yangu ya mkono kwenye meza tangu saa saba, na sipokei ile simu nyingine. Hii si sawa, najua.

3 Agosti

Sasa niandike la Sindhu, maana nalizunguka.

Sindhu alikuwa mdogo wangu. Aliolewa Pusad. Mwaka wa sabini na tisa, siku moja nikiwa kazini, taa ya Pusad ikawaka, nikaingiza waya, nikasikia sauti yake. Amekwenda posta kunipigia. Foleni ya watu wa simu za masafa ilikuwa ndefu, na sharti lilikuwa dakika tatu kila mtu. Alizungumza habari za mvua. Habari za mbuzi. Nikamwambia, "Sindhu, sema unachotaka kusema, watu wanangoja." Akasema, "Hakuna kitu, dada, nilitaka tu kusikia sauti." Dakika ya tatu ikafika. Nikamkata. Operata mwema hapendelei ndugu zake.

Baada ya siku nne akaja mtu kwa baiskeli kuleta habari za kifo chake. Nani ajuaye kilichokuwa moyoni mwake, mambo kama hayo hayana mzizi mmoja. Nimewaambia hivyo watu mia kwenye simu hii. Lakini waya niliuchomoa kwa mkono huu, na ndio ninaoandikia.

11 Agosti

Panchami. Mjini wasichana wako kwenye bembea. Saa nane haikulia. Nikafurahi: kaka amekuja.

12 Agosti

Miwili. Kaka hakuja. Alituma ujumbe kwamba barabara imekatwa na maji, na kwamba mama yao anasema binti akishaolewa nyumba yake ni ile. Hakulia, ndilo lililonitisha. Nikamuuliza tena lile swali. "Ndiyo. Lakini si leo." Sanduku la jirani bado limefungwa? Limefungwa. Nani mwingine wa karibu? Hakuna. Nikamwambia kila kijiji kina mwanamke wa afya, anaweza kumwambia yule. "Ni binamu ya mama mkwe, Tai." Akacheka kidogo. Nikamwambia kesho saa nane. Akasema kesho saa nane.

Leo kwenye chai mdomo ulifunguka nikaufunga.

13 Agosti

Mlio mmoja. Mungu mkubwa.

14 Agosti

Haikulia.

15 Agosti

Haikulia. Siku ya Uhuru, bendera, shule zimefungwa. Kwa mvua hii mbele hapaonekani.

16 Agosti

Haikulia. Nimekaa mpaka saa kumi na moja. Madhav-bhau: "Tai, una homa?" Nikasema mifupa.

17 Agosti

Nimefanya jambo.

Saa nane ikapita. Saa nane na nusu. Nasreen Baji alikuwa ameshuka kununua majani ya chai, Madhav-bhau yuko hospitali na mgonjwa. Nikaibandua ile plasta. Simu inatunza namba zilizobipu, na miongoni mwa namba za saa nane kuna moja inayojirudia tangu Julai. Kwa siku nne nilikuwa nikisikia sauti ya Sindhu ikizungumzia mbuzi. Nikapiga.

Ikaita mara tano. Ikapokelewa. Na mimi, miaka thelathini na mmoja kwenye ubao na mitano kwenye kiti hiki, sikio likisikia tu laini imefunguka mdomo unakwenda wenyewe. Nikasema: "Namaskar, hii ni Simu ya Faraja, Yavatmal, nakusikiliza."

"Nani wewe?" Sauti nzito, ya mwanamke mtu mzima. "Nani? Unamtaka nani kwenye simu yangu?"

Ningeweza kusema nimekosea namba. Ningeweza kusema chochote. Nikakata.

Mimi tena, nimekata.

Wahenga walisema heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Mimi nimejikwaa vyote viwili.

18 Agosti

Haikulia.

19 Agosti

Nimemwambia Madhav-bhau kila kitu, tangu Julai. Nasreen Baji alikuwepo. Hakunisahihisha hata neno moja, na hilo ndilo lililoniliza.

Madhav-bhau hakupandisha sauti. "Tai, kosa si mlio," akasema. "Mlio ni wazo zuri. Kosa ni kwamba uliubeba peke yako. Mtu wa aina ile hategemezwi kiti kimoja. Ungetuambia, tungekuwa watatu wa kuungoja, na mmoja wetu angekushika mkono siku ile."

Ameniweka mezani bila simu kwa wiki nne. Nisikilize wengine, nichemshe chai. Nikasema afadhali unifukuze. Akasema, "Nikikufukuza utakwenda kulala nayo na mjusi wako." Plasta mpya ameibandika mwenyewe.

Nikaomba tumtafute. Tulikuwa na nini? Ua, kisima, jirani mwenye sanduku. Vijiji elfu mbili vina ua na kisima. Nikasema namba tunayo, polisi wanaweza kuitafuta. Madhav-bhau akanitaka nifikirie. Polisi mlangoni kwa mkaza mwana wa watu, ambaye mama mkwe ameshamshuku. Jioni ile ile nani atakayekuwa naye? Tulibishana mpaka taa za barabarani zikawaka. Mwishowe alimpigia daktari mmoja wa serikali, rafiki yake, akamwomba wanawake wa afya wa tarafa zote wapite nyumba kwa nyumba kuhimiza dawa zifungiwe na kuwatazama waliofiwa na watoto. Bila jina, bila namba. Ndilo tulilopata.

26 Agosti

Haikulia. Wanawake wa afya wamepita tarafa tatu, zimebaki kumi na tatu.

30 Agosti

Chai nimeiunguza.

5 Septemba

Pola, sikukuu ya ng'ombe wa kulima. Fahali wamepakwa rangi kwenye pembe, wamevikwa shanga, leo hawafungwi nira. Kila mtu anawaomba radhi kwa mateso ya mwaka mzima. Nasreen Baji kasema ingekuwa vizuri kama na wake za watu wangetengewa siku yao. Saa nane haikulia.

12 Septemba

Haikulia.

17 Septemba

Nimerudishiwa simu. Ya kwanza, kijana wa chuo. Sauti yangu ilitetemeka, yake pia, tukaelewana.

24 Septemba

Niandike polepole.

Saa nane kasoro dakika moja. Imelia, nikangoja ikatike. Haikukatika. Nikapokea, nikasema salamu. Pumzi nzito. Halafu: "Ni wewe."

Operata hasahau sauti. Ilikuwa ile ya "nani wewe".

"Ni wewe uliyekata," akasema. "Mtu wa heri hakati simu."

"Ni kweli, Mama. Nilikata. Nilikosa."

"Mimi sijui kusoma. Namba nazijua. Nilishuku, nikaificha simu, na mwanangu alipokuja nikampa aangalie. Kila siku saa nane, nikiwa nimelala, mlio mmoja kwenda namba hiyo hiyo. Wewe mwanamke mzima, ungefikiri nini? Tulisema ana mtu. Tulisema yule bibi wa kwenye simu ni kuwadi wake. Kama si kuwadi, amekata kwa nini?"

Madhav-bhau aliona uso wangu akasogeza kiti chake karibu. Nasreen Baji akaacha kumenya chungwa.

"Mwanangu akachukua simu akaenda nayo Hinganghat. Hakumpiga, hatujampiga. Hatukusema naye tu. Wiki tatu. Chakula alikula peke yake jikoni." Akavuta pumzi. "Amekufa kwa mkono wake. Jana ilikuwa siku ya kumi na tatu, ya kumaliza matanga."

Nikaibana simu sikioni.

"Leo nimeingia stoo kutafuta gunia. Nimekuta mfuko wa mbegu. Una namba. Nimekaa chini na simu aliyonirudishia mwanangu, nimelinganisha, moja baada ya moja, ya kwanza na ya kwanza, ya pili na ya pili. Ni hiyo hiyo. Nimempelekea mwalimu, amenisomea kilichoandikwa chini yake. Haikuwa mwanamume." Sauti ikapasuka. "Haikuwa mwanamume, Tai. Alikuwa anawaambia nini?"

Nilitaka kumtukana. Niliandike hivyo hivyo lilivyokuwa. Maneno ya kisimani yote yalinijia mdomoni. Na nyuma yake likaja jingine, kwamba mikono yake ni mizuri, kwamba binti alimpenda na ndiyo maana aliumia. La kwanza lingemmaliza na la pili pengine lingemponya. Yote mawili hayakuwa yangu.

"Anachotuambia mtu hubaki chake, Mama. Hata akifa. Hata hicho unachoniambia wewe sasa hivi."

"Alinisema?"

"Mama, aliyepiga leo ni wewe. Nakusikiliza wewe."

Mvua juu ya bati, bati lile lile.

"Kulikuwa na mtoto," akasema. "Wewe unajua au hujui, usiniambie. Siku tisa. Wanaume walikuwa hawapo. Mimi ndiye niliyembeba mpaka kwenye tuta la shamba, mimi niliyechimba. Alikuwa na nywele mpaka shingoni. Nilimfunga kitambaa kichwani nisizione. Nilisema tusimtaje, nikitaja nitaanguka, na nikianguka nyumba itashikwa na nani? Kumbe..." Hakumaliza.

Miaka thelathini na mmoja nimeunganisha Nagpur na Bombay. Hawa wawili walilala chini ya paa moja, wakimlilia mtoto mmoja, kila mmoja upande wake wa ukuta, wote wawili nimewasikia mimi, na sikuweza kuwaunganisha.

Akasema, "Nimechoka. Sasa inatosha." Nililijua lile "inatosha". Madhav-bhau alinitazama akaitikia kwa kichwa.

"Mama, unafikiria kujiua?"

"Ndiyo."

"Una kitu karibu?"

"Kopo jingine lipo. Chini ya kitanda changu. Mwanangu hajui."

"Kuna jirani mwenye sanduku lenye kufuli?" Sikuwa na haki ya kujua, lakini kila kijiji kina jirani mwenye sanduku.

"Yupo Ganga."

"Mpelekee sasa. Mwambie kwa nini, kwa neno lenyewe, usimwambie panya."

"Na simu?"

"Iache juu ya kitanda. Mimi sikati."

Nikasikia kitanda kikilia, miguu, mlango. Kisha mvua peke yake. Dakika tano. Nasreen Baji akashika mkono wangu wa kushoto, Madhav-bhau akapokea ile simu nyingine ilipolia, akazungumza nayo kwa sauti ya chini. Dakika tisa. Salio lake lingeweza kwisha wakati wowote. Dakika kumi na nne. Sikumwomba Mungu, nilihesabu tu. Halafu sauti za wanawake wawili, mmoja analia kwa kelele, na huyo hakuwa wangu.

"Upo?" akasema. Kama mtu anayeita kisimani.

"Nipo."

"Hukukata."

"Sikukata, Mama."

"Ganga amesema nilale kwake. Ananifokea kama mwehu."

"Kalale kwake."

Nikafunika kipaza sauti, nikamuuliza Madhav-bhau kwa macho, naye akachukua lile daftari kubwa la mezani, la wote, akalifungua ukurasa mpya. Ndipo nikamwambia kuhusu mlio mmoja. Kwamba kesho saa nane abipu, na akishindwa Ganga ambipie, na tupo watatu tunaongoja, si mmoja. Na akitaka, yule mwanamke wa afya atakuja na mwenzake kutoka hospitali. Mara hii tulimwomba ruhusa na akaitoa, na kijiji akakitaja mwenyewe.

Kabla ya kukata, na aliyekata ni yeye, si mimi, alilitaja jina la binti yule. Nimelisikia leo kwa mara ya kwanza. Sitaliandika humu.

Kwenye chai nilisema yote. Hata lile la kutaka kumtukana. Hata Sindhu. Chai ikapoa, Nasreen Baji akachemsha nyingine.

25 Septemba

Mvua imekatika. Hapo chini wanazungumza habari za kuvuna.

Tangu saa saba na nusu hakuna aliyetoka chumbani, hata mwenye duka amepanda akajifanya anatafuta kalamu. Saa nane. Saa nane na dakika mbili. Na tatu. Nasreen Baji alisema saa yangu iko mbele, nikamwambia yake ndiyo iko nyuma.

Saa nane na dakika sita. Imelia mara moja.